Kabla ya kupiga kura ya kuingia mji wa Kent, tuliisoma bili ya kodi

Panther Lake iko jimbo la Washington, kusini mwa Seattle. Mwaka 2009 wakazi wake wengi waliamini wanaishi ndani ya mji wa Kent. Barua zetu ziliandikwa Kent, na shule za watoto zilikuwa za wilaya ya elimu ya Kent. Kisheria, hatukuwa ndani ya mji wowote. Usalama ulikuwa wa sherifu wa King County, barabara za kaunti, vibali vya ujenzi vya kaunti. Novemba mwaka huo tuliulizwa kama tunataka kuunganishwa na mji, na wa kujibu tulikuwa sisi peke yetu. Waliokuwa tayari ndani ya Kent hawakupewa kura hiyo.

Jambo hilo lilinigusa sana. Nimekulia Nairobi, na najua ilivyopanuliwa mwaka 1963 ikachukua Karen, Lang'ata na Embakasi: mpaka ulichorwa na tume. Hapa mwenye nyumba na mpangaji, maadamu ni raia na amejiandikisha, walihesabika sawa. Sikutaka jirani zangu Wakenya na Wakongo wapitwe na nafasi hiyo kwa sababu tu karatasi zimeandikwa Kiingereza cha wanasheria.

Nilianzia kwenye bili ya kodi ya nyumba. Kila nilipopita watu walikuwa wakibishana, huyu anasema kodi itapanda, yule anasema haipandi, na bili yenyewe hakuna aliyeitoa. Tukaketi kwa mama mmoja aliyetoka Bukavu, tukaisoma mstari kwa mstari. Shule, jimbo, bandari ya Seattle, maktaba: hiyo yote ingebaki ilivyo. Lakini kulikuwa na tozo ya barabara ambayo kaunti huwatoza walio nje ya miji tu. Hiyo ingeondoka, na mahali pake ingekuja kodi ya mji. Kumbe cha kupima kilikuwa tofauti ya mistari miwili, wala si kodi nzima ya mji juu ya ile tuliyokuwa nayo. Baada ya hapo tukatazama kodi ambayo mji huweka kwenye umeme, gesi na simu, na leseni ambayo mwenye biashara ndogo angelazimika kuikata.

"Sasa, kaka," akauliza yule mama, "hao Kent wanatafuta nini kwetu?"

Swali zuri kuliko yote niliyosikia msimu ule. Sheria ya jimbo ya mwaka 1990 kuhusu ukuaji wa miji inaona huduma za mjini ni kazi ya miji, na kaunti ilitaka kuikabidhi miji mzigo huo. Tena, tangu 2006 mji unaochukua eneo lenye watu 10,000 au zaidi uliruhusiwa kubaki na sehemu ya kodi ya mauzo ya jimbo kwa miaka kumi, ili kuziba pengo la gharama. Nilimwambia pia kwamba siku moja miaka hiyo kumi itakwisha.

Kura yenyewe ilikuwa ya posta. Niliwahimiza jirani watie saini kwenye bahasha jinsi walivyosaini walipojiandikisha, na wasiishie kwa Dow Constantine na Susan Hutchison waliogombea uongozi wa kaunti, waendelee mpaka walione swali letu. Kwa wenye ukaazi wa kudumu ambao bado si raia nilikuwa mkali: wasijiandikishe kabisa, maana kupiga kura kunaweza kuwafukuzisha nchini.

Mimi nilipiga ndiyo. Madiwani tisa wa kaunti walikuwa wakigawana karibu watu milioni mbili wakati huo; Kent ina madiwani saba kwa mji mmoja, na mlango wao ni rahisi kuubisha. Pendekezo lilipita, na tarehe 1 Julai 2010 watu kama 24,000 tukaingia, mji ukavuka laki moja.

Mwaka 2012 ikawa zamu ya Skyway, eneo jingine la King County lililokuwa nje ya miji; wakazi wake waliulizwa kuhusu kuingia mji wa Renton. Rafiki yangu wa huko alileta bili yake tukaisoma vile vile. Yeye akaamua hapana, na wengi wenzake pia, ndiyo maana Skyway ilibaki chini ya kaunti.