Miksi za kusikiliza mpaka mwisho

Mwezi Mei 2024 sisi watu wa Kusini tulikatikiwa mara mbili. Kwanza mvua za kimbunga Hidaya ziliharibu barabara ya Dar es Salaam pale Somanga, mkoani Lindi. Kisha, tarehe 12, nyaya za EASSy na Seacom zinazopita chini ya bahari zikapata hitilafu, na intaneti ikazorota nchi nzima. Hapa Mtwara nilibaki na miksi saba, yaani nyimbo ambazo DJ ameziunganisha mfululizo, nilizokuwa nimezihifadhi kwenye simu, na kwa kuwa sikuwa na namna ya kurukia nyingine kila hamu ilipopungua, nilizisikiliza zote tangu mwanzo hadi mwisho, tena kwa kurudia. Ndipo nilipogundua kwamba kwa miaka mingi nilikuwa nikisikiliza nyimbo na kuyapuuza maungio, yaani zile dakika ambapo wimbo mmoja unaukabidhi mwingine kijiti, ilhali ustadi wa DJ umejaa hapo. Ninazozipendekeza leo zote zimepita mtihani huo wa kusikilizwa bila kukatishwa.

Naanza na singeli, kwa kuwa ni ya nyumbani. Tafuteni maonyesho yaliyorekodiwa ya DJ Travella, kijana wa Dar es Salaam ambaye albamu yake ya Mr Mixondo ilitolewa na lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala mwaka 2022, pamoja na ya Sisso na Maiko, waliotoa Singeli Ya Maajabu mwaka 2024. Watayarishaji wengi wa muziki huu hutumia programu ya Virtual DJ, wakibonyeza vitufe vya kompyuta kama mtu apigaye kinanda, na mapigo hufika 200 kwa dakika au hata kuzidi. Nilimwonyesha video ya Travella mjomba wangu aliyekuja kututembelea kutoka Newala, mzee ambaye amepiga ngoma za sindimba tangu ujana wake. Aliisogeza simu karibu na macho, akawa anavitazama vidole tu, kisha akaanza kugonga ukingo wa kiti, pigo lake moja kwa kila mapigo mawili ya muziki. Baada ya muda akaniambia, "Mpwa wangu, hapa zimo ngoma mbili. Hii ya haraka ni ya kiuno, na ile ya taratibu ni ya kichwa." Tangu siku hiyo, kila anayelalamika kwamba singeli inamchosha namshauri ahesabu nusu ya mapigo: 200 itakuwa 100, na ghafla atasikia mahali pa kupumua, na atazitambua sauti ndogondogo ambazo DJ anaziingiza na kuziondoa.

Kwa redio za mtandaoni, NTS ya London, iliyoanzishwa mwaka 2011, bado ndiyo ninayoifungua kwanza. Ina idhaa mbili zinazorushwa moja kwa moja, na hazina yake ya vipindi vilivyopita inasikilizwa bila malipo. Jambo ninaloliheshimu zaidi ni kwamba vipindi vingi huambatanishwa na orodha ya nyimbo zilizopigwa, kwa hiyo msanii asiyejulikana hapotelei ndani ya miksi ya mtu mwingine. Natamani sana redio zetu zingefanya vivyo hivyo.

Msikilizeni pia Kampire, DJ wa Uganda aliyekulia Zambia. Mwaka 2024 alikusanya nyimbo za zamani za ukanda wetu katika A Dancefloor in Ndola, na ingawa ule ni mkusanyiko wala si miksi, unaeleza vizuri sikio lake: magita ya Kikongo ambayo wazazi wetu waliyacheza yanakaa jirani na midundo ya vijana bila kugombana.

The Lot Radio ya Brooklyn, inayorusha kutoka ndani ya kontena, inahitaji uvumilivu, maana saa kumi na mbili jioni ya kule ni saa saba au saa nane usiku kwetu, kutegemea msimu. Oroko, redio ya Accra, tumepishana nayo saa tatu tu. Radio Alhara ilianzia Bethlehem, Palestina, mwaka 2020 wakati watu wamefungiwa majumbani. Jina lake maana yake ni mtaa, na kweli ukiisikiliza unajiona umekaribishwa barazani.

Kuhusu bando, sauti inayorushwa kwa kilobiti 128 kwa sekunde hula takriban megabaiti 58 kwa saa, hivyo miksi ya saa mbili haifiki megabaiti 120. Video hula mara kadhaa zaidi ya hapo. Mimi huiangalia mara moja ili nivione vidole, kisha hurudi kwenye sauti.

Wiki ijayo nina safari ya Dar es Salaam kwa basi, na nimekwisha kupanga. Nitaanza na Kampire kutoka stendi ya Mtwara hadi tuipite Lindi, vipindi viwili vya NTS vitanifikisha Somanga, na singeli nimeiweka akiba kwa ajili ya Daraja la Mkapa, pale Rufiji, wakati abiria wengi watakuwa wamelala.