Karatasi ya Lugalo

Mwaka 2009 nilikuwa Iringa kwa mazoezi ya kufundisha, nimemaliza mwaka wa pili chuoni. Nilipangiwa shule ya kata nje kidogo ya mji, somo la Historia, kidato cha pili. Baridi ya Julai kule si mchezo. Wanafunzi waliandika wakiwa wamevuta mikono ya sweta hadi kwenye vidole.

Mada ilikuwa jinsi Waafrika walivyoupinga ukoloni. Nilifundisha kama nilivyofundishwa mimi: Kiingereza, notsi ubaoni, hoja tano kwa kila vita, wao wananakili. Samori Toure, Waherero, Majimaji. Mkwawa, mtawala wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani, nilimpa aya moja. Aya moja, katika mji ambao jina lake limetokana na lilinga, yaani ngome kwa Kihehe, na Kalenga ambako fuvu la Mkwawa limehifadhiwa tangu liliporudishwa mwaka 1954 ni mwendo wa daladala tu. Hilo linaniuma mpaka leo.

Mwezi Agosti nikatoa jaribio. Swali la mwisho, alama 10: kwa nini kikosi cha Wajerumani kilishindwa Lugalo, karibu na Iringa, tarehe 17 Agosti 1891?

Karatasi ya binti mmoja wa dawati la nyuma ilianza na mistari miwili ya Kiingereza, ikakatikia katikati ya sentensi. Kisha Kiswahili kikajaa ukurasa mzima na kumwagikia nyuma. Nikaona lugha, sikuona jibu. Kanuni ilikuwa Kiingereza. Nikapitisha mstari mwekundu kutoka kona hadi kona, nikaandika sifuri.

Kesho yake alinifuata nje ya ofisi ya walimu, karatasi ameikunja mara nne.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba."

"Naomba kuuliza. Haya niliyoandika ni uongo?"

Nikaichukua, na hapo ndipo niliposoma kwa mara ya kwanza. Nyumbani kwao ni upande wa Ilula, bibi yake analima nyanya, na hadithi aliipata kwa bibi. Aliandika kwamba msafara ulikuja kwa mstari mmoja mrefu, bunduki hazijajazwa risasi, Wahehe wamelala kwenye nyasi na nyuma ya mawe. Walipoinuka walikuwa karibu mno, mkuki ukawa mwepesi kuliko bunduki. Kamanda wa Wajerumani, Zelewski, ambaye watu walimwita Nyundo, akafia palepale. Chini alichora ramani kwa penseli: njia, kilima, vidoti vya askari.

Mwongozo wangu wa kusahihisha ulisema "mbinu bora za kivita". Maneno manne, na wenzake waliokariri maneno hayo manne niliwapa alama. Yeye ndiye aliyeeleza mbinu yenyewe ilikuwa ipi.

"Si uongo," nikamwambia. "Ila hukuandika Kiingereza."

"Kwa hiyo ni kweli, lakini sifuri."

Hakusema kwa hasira. Alikuwa anahakikisha tu kwamba amenielewa.

Nilikwenda kwa mwalimu wa taaluma. Alinisikiliza kwa upole, akasema mtihani wa taifa hautamuuliza mtoto bibi yake alisema nini, na alama zimeshaingia daftarini. Hakuwa mtu mbaya. Lakini watu wakisema watoto wetu hawapendi Historia, mimi huikumbuka karatasi ile. Historia wanayo nyumbani. Mlangoni mwa darasa tunawaambia waiache nje.

Ijumaa niliweka pembeni andalio la somo. Nikamwomba binti yule achore ramani yake ubaoni, nikawaambia leo tuongee Kiswahili. Kipindi cha dakika 40 hakikutosha. Mvulana wa Kalenga alisimama kueleza ngome ilivyoangushwa kwa mizinga mwaka 1894, mwingine akambishia, darasa lililokuwa kimya wiki sita likawa linagombea chaki.

Wiki iliyofuata nilimwomba karatasi ile niinakili. Aliitoa kwenye daftari. Juu ya mstari wangu mwekundu, kilima kilikuwa kimefutwa na kuchorwa upya ng'ambo ya njia, kwa kalamu ya bluu.

"Nilimsomea bibi Jumamosi," akasema. "Amesema hapo nilikosea."