Usimshike Mwalimu usoni

Jana mwanangu karudi dukani na chenji, sarafu mbili za mia. Moja ya 2015. Nyingine ya 1994, rangi ya dhahabu imechubuka, chuma cha ndani kinaonekana na kutu imeanza kula pembeni. "Mama, hii wataipokea kweli?" Nikaiokota kwa kuibana ukingoni na vidole viwili, kama mtu anayeokota nge aliyekufa. Akacheka. Sikumweleza.

Zabibu zetu za Dodoma mnazijua. Mwaka ule zamu ya stesheni ilikuwa yangu: treni ya kutoka Dar ikisimama, unainua sinia hadi dirishani, unapokea hela, unakimbilia behewa lingine. Abiria mmoja akanipa mia inayong'aa hadi nikadhani si ya kweli. Treni ilipoondoka nilikwenda nayo mbio kwa babu jirani, mstaafu wa reli. Alikuwa na kopo la sarafu: zenye tundu za Mwingereza, thumni zenye sungura, hela za Mjerumani, zile hasa zilizotuachia neno.

"Mbukwa, babu."

Hakuitikia. Alikuwa anautazama mkono wangu.

"Usimshike Mwalimu usoni."

Nyerere, maana yake, aliye kwenye sarafu. Akaipokea kwa ukingo, akasogea mlangoni penye jua, akaiinamisha polepole. Mwanga ukaizunguka. Alianzia nywele za juu ya sikio, maana palipoinuka, alisema, ndipo panapolika kwanza. Kung'aa si hoja. Hata kongwe ukiisugua kwa majivu na ndimu itang'aa, na utakuwa umeiua. Nywele zipo. Sikio lipo. Akageuza: swala wanne, pembe zote. Ukingo haujagongwa popote.

"Mbichi hii."

Kwake sarafu zilikuwa mbichi, yaani zisizolika hata kidogo, za mtaani, au vipara. Mbichi sikuwahi kumsikia akiitaja. Nikaanza kununua viatu vya shule kichwani.

Akaigeuza tena upande wa Mwalimu, akatulia. Mbele ya kidevu palikuwa na dole gumba langu, mistari yote, kwa maji ya zabibu. Nikanyoosha kanga nifute, akanizuia: kitambaa kitaikwaruza. Na ukiiacha hivyo, tindikali itaila.

"Ilikuwa mbichi hadi ulipoipokea wewe," alisema, bila ukali, akanirudishia.

Jioni mama alihesabu mauzo, mia yangu ikaingia na wenzake, kesho yake ikaenda kwenye unga.

Siku hizi najua hata kuisuuza tu kwa maji safi kungesaidia. Kwa nini hakusema? Labda hakujua. Au hakuwa na cha kunipa, akaona aibu. Kopo lenyewe lilijaa vipara.

Mwanangu alitaka kwenda kununulia ubuyu. Nikamwambia achukue ile ya 2015. Ya 1994 nilivaa miwani nikaikagua mbele ya kidevu, mara mbili. Kutu tupu.