Jinsi tasnifu yangu ya majina ya samaki ilivyotoka kabatini

Tasnifu yangu ya shahada ya kwanza, iliyohusu majina ya samaki katika Kimtang'ata, lahaja ya Kiswahili ya pwani ya Tanga, ilikaa zaidi ya mwaka mzima katika kabati la idara ambalo ufunguo wake ulikuwa kwa mtu asiyepatikana. Nilipotangaza kwamba nataka kuiweka katika hazina ya kidijitali ya maktaba ya chuo, mhitimu mwenzangu mmoja alinihakikishia kwamba itaibiwa kabla jua halijazama, na mwingine akaapa kwamba hakuna jarida litakalopokea makala yanayotokana na kazi iliyokwisha kuwekwa mtandaoni. Hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuweka chochote. Anayenakili kazi ya kabatini hana wa kumshtaki, ilhali ile iliyo katika hazina ina tarehe ya kupokelewa, jina la mwandishi na kiungo cha kudumu. Kuhusu majarida, nilisoma masharti ya lile nililolikusudia nikakuta halina pingamizi, na hata lingekuwa nalo, maktaba ingeweza kulifunga faili kwa muda na kuacha kichwa na ikisiri vionekane.

Kilichonitesha ni ujinga wangu mwenyewe. Flashi yenye tasnifu ilikuwa imepotea, nami, badala ya kutulia na kufikiri, nikachukua nakala yenye jalada gumu hadi steshenari ili iskaniwe ukurasa baada ya ukurasa. Kijana wa pale alifanya kazi kwa moyo, lakini uti wa kitabu haukutaka kulala, ikabidi aukandamize kwa mkono, na kwa hiyo kidole gumba chake kimo katika ukurasa wa 31 kikiwa kimefunika nusu ya jedwali la majina ya samaki aitwaye changu. Nililipa elfu kumi na kitu, nikarudi kwa majivuno na faili lenye ukubwa wa megabaiti 87.

Mama wa maktaba alilifungua, akaandika neno "nguru" katika kisanduku cha kutafutia, neno ambalo lilikuwa karibu katika kila ukurasa wa sura ya nne, na kompyuta ikajibu kwamba halimo. "Mwanangu," akasema, "hii si tasnifu, ni albamu ya picha." Kisha akanieleza kwamba Google Scholar, mtambo wa kutafutia kazi za kitaaluma, husoma maandishi yaliyomo ndani ya faili na hupendekeza lisizidi megabaiti 5, kwa hiyo kazi yangu ingekuwa mtandaoni na bado isionwe na mtu.

Usiku ule ndipo nilipokumbuka kwamba nilikuwa nikimtumia msimamizi wangu kila toleo kwa baruapepe. Katika kisanduku cha barua zilizotumwa nilikuta faili linaloitwa MWISHO, likifuatiwa na MWISHO KABISA, kisha MWISHO KABISA 2, na ile iliyopitishwa kwa kweli ilikuwa inaitwa tu "sahihisho dogo". Niliigeuza kuwa PDF, haikufika hata megabaiti 3.

Kabla ya kuipeleka niliondoa saini za ukurasa wa ithibati nikabakiza majina, kwa sababu saini iliyowekwa hadharani ni zawadi kwa matapeli. Ramani ya pwani ya Tanga, ambayo nilikuwa nimeichota katika tovuti fulani bila ruhusa, niliichora upya kwa mkono, ikatoka kama mguu wa kuku lakini ni yangu. Wavuvi niliowahoji Tongoni, kijiji cha pwani ya Tanga, niliwapa namba badala ya majina, na nikajisifu kwamba nimeizingatia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Katika leseni za Creative Commons, ambazo kwazo mwandishi huwaruhusu wengine watumie kazi yake kwa masharti, nilichagua ile inayomtaka mtumiaji ataje chanzo tu. Ile niliyoshauriwa niichague, inayokataza kusambaza kazi iliyobadilishwa, ingemzuia hata mtu kusambaza tafsiri yake.

Hila ninayojivunia zaidi iko katika maneno muhimu. Fomu ilitaka maneno machache, na wenzangu wa isimu huandika "leksika", "lahaja" na "semantiki" wakamaliza. Mimi niliongeza majina ya kisayansi, kama vile Siganus sutor kwa tasi na Scomberomorus commerson kwa nguru, kisha nikaweka na "tafi", kwa kuwa ndivyo tasi anavyoitwa pwani ya Kenya. Barua ya kwanza niliyopata kuhusu kazi hiyo haikutoka kwa mwanaisimu, bali kwa mwanafunzi wa uvuvi aliyekuwa akitafuta samaki, wala hakuwa na haja na lahaja.

Barua ya pili ilikuwa simu kutoka Tongoni. Mjukuu wa Mvuvi wa 7 alikuwa amemsomea babu yake sura ya nne kwenye simu, na mzee, baada ya kuyatambua maneno yake mwenyewe kuhusu dema, yaani mtego wa samaki, na tasi, alitaka kujua kwa nini ameitwa namba kama mfungwa. Nilifunga safari, nikamwomba radhi, akanipa idhini yake kwa maandishi, na Mama wa maktaba akapandisha toleo la pili lenye jina lake kamili huku la kwanza likibaki katika kumbukumbu. Mvuvi wa 4 naye amepata habari, na Jumamosi hii ananisubiri.