Nusu dirisha

Dirisha lile halikuwa na kitasa. Mahali pa kitasa palibaki matundu mawili yenye kutu, na kipande cha kitenge cha kijani kilichofungwa kwenye chuma cha kiti ili kioo kisigongegonge boti ikiyumba. Ukikifungua kile kitenge, upepo wote wa Ziwa Kivu unaingia. Ukikifunga, mnabaki watu wapatao sitini mkivuta pumzi moja kutoka Goma mpaka Bukavu, saa sita nzima.

Ilikuwa Desemba 2020, siku chache kabla ya Noeli. Rais wa Kongo alikuwa ametangaza marufuku ya kutembea usiku kuanzia tarehe 18, saa tatu za usiku mpaka saa kumi na moja za alfajiri, na sisi watu wa Goma tukapokea habari ile kwa namna yetu: kila mwenye ndugu Bukavu alitaka kuvuka sasa hivi, kabla hawajafunga na ziwa. Hakuna aliyekuwa amesema ziwa litafungwa. Lakini mwezi wa tatu tuliona mpaka wa Rwanda unafungwa, na Petite Barrière, pale wanapopita akina mama wa biashara kwa maelfu kila asubuhi, pakawa kimya kama shule wakati wa likizo. Aliyeona hayo hangoji kutangaziwa mara ya pili.

Mimi nilikuwa naenda Kadutu, mtaa wa Bukavu, kwa mama yangu. Ana sukari na presha, na redio zilikuwa zinarudia kila siku kwamba corona inapenda watu wa namna hiyo. Nilijiapiza kwamba nitafika kwake bila kubeba kitu ila jibini mbili za Masisi na kilo kadhaa za viazi.

Kwenye lango la gati palikuwa na ndoo ya maji ya klori yenye robine, na askari mmoja aliyekagua kashene. Barakoa kwetu ni kashene, na wengi waliivaa kama jina lake la Kifaransa linavyosema, yaani kuficha pua, tena pua ya siku ya ukaguzi tu. Mbele yangu kijana alipita akiwa ameivaa vizuri kabisa. Alipofika ng'ambo akaivua, akaikunja, akamrushia mwenzake juu ya senyenge. Mwenzake akaivaa, akapita, akaigeukia fensi na kumrushia wa tatu. Nilihesabu pua nne katika kashene moja ya buluu. Askari naye aliona. Alikuwa anatazama kashene, hakutumwa kutazama pua.

Hapo ndipo hasira yangu ilipoanza, kabla hata sijapanda.

Inabidi niseme kwa nini nilijiona mwenye haki ya kukasirika. Mwaka 2019 nilitumika mu Riposte, ile kazi kubwa ya kupambana na Ebola. Ugonjwa ulitangazwa tarehe 1 Agosti 2018 huko kwa ndugu zetu wa Beni, ukaisha rasmi tarehe 25 Juni 2020, na katikati yake watu zaidi ya 2,200 walikufa. Goma tuliguswa Julai 2019, mchungaji mmoja aliposhuka hapa na basi kutoka Butembo. Alikuwa amepita vizuizi kadhaa vya afya njiani akiwa mgonjwa tayari. Wiki ile watu waliokaa naye katika basi, dereva pia, walitafutwa nyumba kwa nyumba ili wachanjwe. Mimi nilikuwa kijana wa kipimajoto, ile bastola nyeupe, kwenye kizuizi kimoja kaskazini ya mji. Tangu hapo sikuweza tena kupanda gari bila kuhesabu vichwa.

Basi nikaingia katika boti nikihesabu. Nikachagua kiti cha dirishani, nikafungua kile kitenge, kioo kikarudi nyuma, nikakaa.

Palianza ugomvi mwingine kwanza, mdogo. Tangu ile boti iliyozama upande wa Kalehe mwezi wa nne 2019, watu zaidi ya mia wasionekane tena, Rais aliamuru kila abiria wa ziwa avae jile, yaani koti la kujiokolea. Baharia akazigawa. Ni za rangi ya chungwa, na kola yake inafika mpaka kwenye mdomo. Dada mmoja aliyevaa vizuri, mwenye kashene inayofanana na nguo yake, aliinusa ya kwake na kuirudisha.

"Hii jana ilivaliwa na nani?"

"Na mutu mwenye alifika," baharia akamjibu.

Watu wakacheka. Dada akaivaa kwa vidole viwili, kola ameikunja chini ya kidevu. Na mimi nilicheka, lakini baadaye niliona nami nimeikunja yangu vilevile.

Tuliondoka karibu saa mbili. Nyuma yetu mawe meusi ya volkano, na juu yake Nyiragongo imejifunika wingu. Karibu saa tatu na nusu mvua ikatukuta, ile ya ziwa, ambayo haishuki kutoka juu bali inakuja imelala. Matone ya kwanza yalinipiga mimi shavuni. Yaliyofuata yakampiga mtoto wa mama aliyekaa nyuma yangu, mtoto wa miezi kama mitano, amefungwa mgongoni, akageuzwa mbele, akafunikwa.

"Papa, tufungie dirisha," mama akasema. "Mutoto anasikia baridi."

Aliniomba kwa adabu. Nalisema hilo kwa sababu baadaye, nilipowasimulia wenzangu, nilimfanya aanze kwa ukali.

"Mama, muache hewa ipite kidogo. Iko corona."

"Corona? Weye uliisha kuona mutu mwenye iko nayo?"

Hapo ningeweza kunyamaza. Ningeweza hata kubadilishana naye kiti, maana mimi sikuwa na mtoto na koti langu lilikuwa la mvua. Jambo hilo halikunijia kichwani. Kilichonijia ni mafunzo ya siku tatu niliyopewa 2019, katika ukumbi wa hoteli, pamoja na biskuti.

"Mimi nilitumika mu Riposte," nikasema, na nilisema kwa sauti ya kutosha boti nzima. "Ninajua namna ugonjwa inapitaka."

Kama umeishi Kivu miaka ile utajua nilichofanya. Ni kama kuwasha kiberiti ili uone kama petroli imemwagika. Kutoka viti vya nyuma sauti ya mwanaume ikapaa:

"Ah! Njo bale ba Riposte! Balikula franga ya Ebola ikaisha, sasa banafungua ingine!"

Boti ikaamka. Mmoja akasema corona ni ya Wazungu na watu wa Kinshasa. Mwingine akasema hapana, mjomba wake amekufa nayo, akaulizwa mjomba alikuwa na miaka mingapi, akasema themanini na mbili, wakamwambia basi hiyo si corona, ni kalenda. Dada wa jile alikuwa upande wangu, ila alitaka nifunge dirisha pia, nywele zake zinalowa. Mwanafunzi mmoja alianza kueleza habari za matone na hewa, akaambiwa anyamaze, akanyamaza. Maneno yaliyoniuma ni yale ya kula franga, yaani pesa. Yaliniuma kwa sababu mwezi mmoja wa Riposte ulinipa zaidi ya alichopata mwalimu aliyenifundisha kusoma, na bati za nyumba yangu zilitoka humo, na zilipoisha zile kazi nililia kidogo, peke yangu, siku ambayo watu wa Beni walikuwa wanacheza barabarani kwa furaha.

Nikatafuta ushahidi. Mtu aliyebanwa hutafuta ushahidi popote. Kulikuwa na muzee ng'ambo ya njia, kofia ya manyoya kichwani, tangu Goma alikuwa anakohoa. Kikohozi kikavu, kila dakika kadhaa, akigeukia ukuta kwa heshima.

"Munaona?" nikasema, nikimnyooshea kidole. Muzee wa umri wa baba yangu, nikamnyooshea kidole. "Muzee huyu anakohoa tangu bandarini. Munataka nifunge dirisha tukae naye?"

Kelele zote zikakatika. Nilidhani nimeshinda. Muzee akavua kofia, akaipangusa, akaivaa tena.

"Iki kikohozi iko mukubwa kuliko weye, kijana wangu," akasema.

Hakusema zaidi. Akashika nguzo, akasimama, akaenda nje, nyuma kule kwenye mizigo, ambako mvua ilikuwa inapita chini ya turubai kama mtu anayemwaga beseni. Vijana wawili wakamfuata kumzuia, akawapungia mkono wabaki. Kupitia mlango uliokuwa unafunguka na kufunga kwa mawimbi nilikuwa namwona, halafu simwoni, halafu namwona, amekaa juu ya gunia la maharage na jile yake ya chungwa.

"Sasa unafurahi?" mama akaniuliza. Hakuwa na hasira tena. Alikuwa anauliza kweli.

Ni baharia aliyemaliza shauri. Alikuja na kisu cha kukatia kamba, akaukata mkono wa kitenge, akaunganisha na kamba ya nailoni, akakifunga kioo katikati kabisa, kisiende mbele wala nyuma.

"Nusu ya mama, nusu ya papa. Mwenye hatakubali, Idjwi njo ile, ashuke."

Kweli kisiwa cha Idjwi kilikuwa kushoto kwetu, kirefu, cha kijani, nusu yake katika mvua. Watu wakacheka kwa uchovu. Nusu dirisha ile haikumsaidia mtu. Hewa iliyoingia ilikuwa kidogo kuliko nilivyotaka, na maji yaliyoingia yalikuwa mengi kuliko mtoto alivyoweza kuvumilia. Nilimpa mama jibini moja atafune. Akaikataa, akasema hali vitu vya maziwa. Sijui kama ilikuwa kweli.

Muda uliobaki niliutumia kukumbuka jambo ambalo sikuwa nimemsimulia mtu. Kwenye kizuizi chetu, 2019, mawe, yaani betri, ya kile kipimajoto yalikuwa yanakufa mchana. Mapya yalitakiwa kuja na gari la shirika lililotuajiri, na gari lilikuja lilipotaka. Foleni ya magari ilikuwa inafika mbali, madereva wanapiga honi, akina mama wenye mboga wanalia kwamba mboga zinanyauka. Mara ya kwanza niliwasimamisha wote kwa saa nzima, tukapigwa mawe. Mara ya pili mwenzangu akaniambia: elekeza tu. Nikaelekeza. Kioo kidogo cha namba kilikuwa cheusi, nami nikakifunika kwa kidole gumba ili abiria asikione, nikasema namba kwa Kifaransa, 36,5, pita. Labda siku nne. Labda sita. Hakuna aliyegunduliwa mgonjwa kwenye barabara yetu siku hizo, na ndiyo maana niliweza kuingia katika boti na kusema najua namna ugonjwa unavyopita.

Bukavu ilitokea saa nane na kitu, na mvua ilikuwa imetuacha. Zile ndimi za nchi zinazoingia katika ziwa, nyumba zimepandiana mpaka juu. Watu walisimama kabla boti haijafungwa, wakabanana mlangoni kifua kwa mgongo, watu wale wale waliogombania hewa. Kashene zikatoka mifukoni.

Kwenye gati tuliposhuka palikuwa na ndoo, na dada mwembamba wa koti jeupe mwenye bastola nyeupe. Niliijua hata aina yake. Alinielekezea kwenye paji la uso. Kutoka nilipokuwa nilikiona kidole chake gumba, kimelala juu ya kile kioo cha namba, kucha ina rangi nyekundu iliyobanduka.

"36,5," akasema kwa Kifaransa. "Pita, papa."

Nilipita, lakini nikajifanya nafunga gunia la viazi. Mama na mtoto: 36,5. Dada wa jile: 36,5. Muzee akaja wa mwisho, maji yanachuruzika kwenye ukingo wa kofia, midomo imepauka kwa baridi. Alikohoa hapo hapo mbele yake, akigeukia ziwa kwa heshima. Dada akasita. Kisha akatazama nyuma, boti nyingine ilikuwa inakaribia.

"36,5. Pita, muzee. Ukatafute chai."

Macho yetu yakakutana, mimi na yule dada. Alijua nimeona. Alingoja niseme neno. Nikamwambia, "Kazi njema," nikabeba gunia langu. Muzee nilitaka kumfuata, lakini alikuwa amepokelewa na mjukuu mwenye mwavuli, na mimi sikuwa na sentensi ya kuanzia.

Kadutu nilifika jioni. Sikuingia. Nilisimama uani, kashene usoni, nikamwomba mama aniletee kiti nje. Akatoka akijipangusa mikono, harufu ya sombe ikamfuata.

"Kiti nje? Weye uko mugeni?"

"Mama, boti ilijaa watu. Ningoje kidogo."

"Balikupima pale bandarini?"

Jibini nilikuwa nimezishika mkononi bado. Nikasema, "Balinipima."

"Basi ingia. Chakula inapoa."