Wakili wa familia, Mswahili, aliyepita jeshini: kazi yenyewe ilivyo Marekani

"Saa mbili usiku alimpiga, akaondoka na mtoto." Maneno saba, na Mswahili yeyote anayaelewa. Yaweke kwenye hati ya kiapo ya kuomba amri ya ulinzi katika mahakama ya Marekani, uone yanavyoharibika. Mkalimani asiyekuwa makini anaandika 2:00 AM, wakati simu ya dharura ya 911 ilipigwa 8:07 PM. Halafu Kiswahili hakisemi aliyempiga mwenzake ni mke au mume, lakini Kiingereza lazima kiseme. Mkalimani anabahatisha, na akikosea, aliyepigwa ndiye anayeonekana mpigaji. Wakili wa upande wa pili hahitaji kitu kingine.

Ongeza "mtoto wangu", ambaye kwetu anaweza kuwa mtoto wa marehemu dada, wakati fomu ya matunzo inauliza uzazi au kuasili kisheria. Wakili anayejua lugha zote mbili hukamata makosa haya ofisini, kabla hati haijatiwa sahihi. Ila mbele ya jaji hatakiwi kumtafsiria mteja wake mwenyewe: anaomba mkalimani wa mahakama, naye anakaa akimsikiliza kwa sikio la pili. Kosa likitokea anasimama palepale aliweke kwenye kumbukumbu za kesi. Akilinyamazia, kulisahihisha baadaye ni kazi ngumu.

Sasa njia ya kufika huko. Shahada ya kwanza yoyote, mtihani wa kuingia chuo cha sheria, LSAT (alama 120 hadi 180), miaka 3 ya chuo cha sheria kwa shahada ya JD, mtihani wa uwakili wa jimbo, na uchunguzi wa tabia. Aliyepita jeshini ana GI Bill ya baada ya 2001, mpango wa serikali wa kuwasomesha waliotumikia jeshi: miezi 36 ya malipo, na aliyetumikia kazi kamili miezi 36 au zaidi hupata asilimia 100, yaani karo yote ya chuo cha umma kwa kiwango cha mkazi, posho ya nyumba, na hadi dola 1,000 za vitabu kwa mwaka. JD hula takribani miezi 27 ya masomo. Wengi wanakosea hapa: wanaimalizia GI Bill kwenye shahada ya kwanza, kisha wanakopa kwa ajili ya sheria, ambayo ndiyo ghali. Shahada ya kwanza isomwe ungali kazini kwa msaada wa karo wa jeshi, unaolipa hadi dola 250 kwa krediti. Mtego mwingine ni kusoma kwa mtandao mtupu, kwani posho ya nyumba hushuka hadi nusu ya wastani wa nchi nzima.

Mwenye shahada ya kwanza ya sheria (LL.B.) ya Dar es Salaam au Nairobi hasikimbilie kuanza upya. New York huangalia urefu wa masomo yako na kama nchi yako inafuata mfumo wa sheria wa Kiingereza. Likipungua sharti moja kati ya hayo mawili, shahada ya uzamili ya sheria (LL.M.) ya krediti 24 iliyokidhi masharti yao huziba pengo. Lakini sheria ya familia ni ya jimbo. Leseni ya New York haikupi ruhusa ya kusimamia talaka Texas. Anayetaka kuhudumia kambi fulani ya jeshi aanze kwa kuuliza jimbo lenye kambi hiyo linamkubali nani.

Kwenye uchunguzi wa tabia, andika kila kitu: adhabu ya Article 15 (ile ya kamanda, bila mahakama ya kijeshi), deni lililokwenda kwa wakusanyaji, matunzo ya mtoto yaliyocheleweshwa. Kamati husamehe mengi. Kuficha ndiko kunakowaangusha watu.

Faida ya kupita jeshini haiko kwenye picha ya kombati ukutani. Iko kwenye kusoma karatasi. Chukua LES, hati ya mshahara ya mwanajeshi. Posho ya nyumba (BAH) na ya chakula (BAS) hazikatwi kodi, kwa hiyo hazionekani kwenye mapato ya W-2, fomu ya kodi ya mshahara. Wakili anayekokotoa matunzo kwa fomu ya kodi peke yake anaacha mezani fungu kubwa la kipato ambacho kwa kawaida mahakama hukihesabu.

Pensheni ya jeshi ndiyo uwanja wenye mashimo. Sheria ya shirikisho ya 1982 iliruhusu mahakama za majimbo kuigawa kwenye talaka. Kuna "kanuni ya 10/10" ambayo kambini husimuliwa kinyume, kwamba ndoa ya chini ya miaka 10 haimpi mke kitu. Si kweli. Miaka 10 ya ndoa iliyoambatana na miaka 10 ya utumishi humwezesha tu mtalaka kulipwa moja kwa moja na DFAS, ofisi ya malipo ya jeshi. Isipofika, mgawo unaweza kuamriwa vilevile, ila atalipwa na mwenzake aliyeachana naye, na hapo ndipo usumbufu huanza.

Tangu mwisho wa 2016, talaka ikitoka kabla ya kustaafu, kinachogawanywa ni pensheni iliyogandishwa siku ya amri. Mfano kwa mfumo wa zamani: mwanajeshi ana miaka 16 kazini, wastani wa miezi 36 ya mshahara wa juu ni dola 5,000. Asilimia 2.5 mara 16 ni 40, yaani dola 2,000. Kama ndoa iliangukia miaka 12 kati ya hiyo 16, sehemu ya ndoa ni asilimia 75. Nusu yake ni 37.5, sawa na dola 750 kwa mwezi, kabla ya nyongeza za gharama za maisha. Amri isipotaja wastani huo na idadi ya miaka, DFAS huirudisha.

Halafu fidia ya ulemavu ya VA, idara ya waliotumikia jeshi. Mstaafu akiachia sehemu ya pensheni ili apokee fidia hiyo, fungu la mtalaka hupungua, na tangu kesi ya Howell ya 2017 katika Mahakama ya Juu ya Marekani, jimbo haliwezi kumwamuru amfidie. Kinga huwekwa mapema, kwa mfano kuacha suala la matunzo ya mtalaka wazi. Kwa watoto ni tofauti: fidia ya VA huhesabiwa kwenye matunzo yao.

Kinachosahaulika kuliko vyote ni SBP, bima ya mjane. Mstaafu akifa, pensheni hukoma hata kama amri ya mgawo ni ya dhahabu. Mtalaka aliyepewa SBP na mahakama anaweza kujipelekea ombi mwenyewe DFAS ndani ya mwaka 1 tangu amri hiyo itoke. Mwaka ukipita kimya, mara nyingi mlango umefungwa.

Mwanajeshi aliyetumwa mbali akifunguliwa kesi ya madai, kama talaka, sheria ya SCRA inayowalinda wanajeshi humpa ahirisho la angalau siku 90, lakini kwa karatasi mbili: maelezo ya jinsi kazi inavyomzuia na tarehe atakayopatikana, na barua ya kamanda kwamba likizo haijaruhusiwa. Ujumbe wa "niko nje, nisubirini" hautoshi.

Na kosa dogo la ukatili wa nyumbani: mwanajeshi akikiri ili "yaishe", sheria ya 1996 humnyima bunduki hata ya kazini, maana yake ajira imekwisha. Kama bado yuko kwenye grinikadi, anaweza pia kufukuzwa nchini.

Jambo la mwisho ni la jamii yetu. Mke anampigia wakili Jumatatu, mume anamfuata harusini Jumamosi, kila mmoja akisema "wewe si ni wetu". Wakili hawezi kuwawakilisha wote wawili, na hata mazungumzo ya kwanza yenye siri yanaweza kumfunga asimchukue wa pili. Mazoea ya ofisi nzuri: jina la mwenza huulizwa kabla ya kisa. Wajomba wakichanga ada, fedha huingia kwenye akaunti ya amana ya wateja, na mkataba huandika wazi kwamba wachangaji hawana haki ya kuambiwa kesi imefikia wapi. Mjomba aliyetoa dola 2,000 atakasirika. Amwulize mpwa wake.