Huu huu, au ujao?

Mnisamehe kimya. Wiki hii mahari ya kaka imepokelewa, baba mwenye nyumba kapandisha kodi, umeme umekatika na kurudi unavyotaka wenyewe, ila hayo tutayaongea siku nyingine. Mimi nina swali moja limenikaa kooni.

Jumamosi tulikutana kusoma, kundi lile lile la mtihani wa Baraza la Famasi. Tulikuwa kwenye figo. Mama wa miaka 60, kilo 60, kreatinini (ile taka ya kwenye damu ambayo figo huichuja) 141: dozi ipunguzwe au iachwe? Kaka wa Mbagala akachukua 140, akatoa umri, akazidisha kwa kilo, akagawa kwa 72 mara 141, akamalizia na ile 0.85 ya wanawake. Akapata figo zinachuja mililita 0.4 kwa dakika. Kwa hesabu hiyo mama wa watu ameshazikwa na arobaini imesomwa. Nikamwambia, kaka, hiyo 72 ni ya miligramu kwa desilita, hapa umepewa mikromoli kwa lita. Ifute 72, ifute na 0.85, zidisha juu kwa 1.04. Ikatoka 35, tukacheka, kila mtu akaandika.

Ndipo yule wa Kimara, kalamu bado mkononi, akanigeukia.

"Hivi na wewe unafanya mtihani huu huu, au unasubiri ujao?"

"Huu huu."

"Aa, sawa." Akarudi kwenye karanga zake.

Basi, ndiyo hayo tu. Lakini mbona hakumuuliza kaka wa Mbagala, aliyetoka kuua mgonjwa mbele yetu? Kwenye daladala nikawa najibu upya: "Kwani vipi?" Au ningecheka tu. Au ningemuuliza yeye. Usiku nikamwamsha mdogo wangu nikamsimulia, akaniigizia lile swali kwa sauti ya dharau, ya huruma, halafu ya mtu anayetafuta wa kupanda naye basi siku ya mtihani. Ya mwisho ilifanana zaidi. "Dada, labda anaogopa kwenda peke yake. Nilale sasa?"

Sikuliamini hilo, ila nililala.

Jumatatu nikiwa dirisha la dawa akaja baba mmoja na mtoto, cheti kimeandikwa mseto wa malaria, yeye mwenyewe alitaka sindano. Nikampandisha mtoto kwenye mzani: kilo 13. Kidonge kimoja kila mara, mara sita, siku tatu. Cha kwanza akanywa pale pale saa tano asubuhi, juu ya maziwa aliyokuwa nayo kwenye kikombe cha mfuniko. Nikasema cha pili baada ya masaa manane kamili, yaani saa moja jioni, halafu kesho na keshokutwa asubuhi na jioni, na asiache hata mtoto akianza kukimbia. Akanirudishia yote kwa vidole, neno kwa neno, kisha akatoa simu ya tochi akatega alamu mbele yangu. Akaishika sikioni kuhakikisha inalia! Bosi alikuwa nyuma yangu anahesabu stoo, akasema, "Huyo hata mimi nisingemwongezea kitu." Yeye si mtu wa kusifia, mnamjua. Nimetembea na hilo hadi leo, na nimesoma sheria ya famasi ya 2011 kurasa nyingi bila kusinzia.

Yule wa Kimara bado sijamjibu kwenye simu. Ameuliza Jumamosi tunakutana saa ngapi. Nitamjibu.

Kinachoninyima raha sasa ni kuku wa mama kule Muheza. Wanasinzia, kinyesi kijani, wawili wamekufa, na jirani kamshauri afungue kapsuli za tetra, dawa ya bakteria, awawekee kwenye maji. Mama, mdondo ni kirusi! Ananiambia nimesomea dawa za watu. Walio wazima wanahitaji tone la jichoni, lakini chanjo inakuja chupa ya kuku wengi na majirani hawataki kuchanga. Kama kuna msomaji wa huko anayemjua bwana mifugo anayefika hata Jumapili, aniandikie.